Bawa la Bi Kanga

Zamani, mito yote ilipokuwa chini ya mfalme mmoja, Mfalme Mamba alijenga nyumba ya kulelea watoto ambao wazazi wao alikuwa amewala. Kila asubuhi watoto waliapa mbele ya picha yake: "Nitamtii aliyenilea mpaka kufa kwangu." Kisha Bi Kanga, mpishi wao, alipita akiupepea uji kwa bawa lake, bakuli moja baada ya jingine, usije ukawaunguza.

Watoto wakakua, wakawa askari. Siku moja Mamba alimwita Nyegere, kapteni asiyejua kubisha.

"Yule Kanga anawaambia watoto majina ya mama zao. Mlete nimle."

Nyegere alipofika, Bi Kanga alimkalisha jikoni. Alimwekea bakuli, akaanza kupepea. Kile kiupepo kilipomgusa usoni, Nyegere akakumbuka harufu ya mtama, mikeka yenye unyevu, na manyoya yenye madoa yaliyodondoka jikoni, ambayo watoto waliyagombania wakalale nayo.

"Bibi, na mama yangu aliitwa nani?"

"Sikitu, mwanangu. Alikuwa mkali kama wewe."

Nyegere alirudi na kikosi kizima, kila askari kachomeka kofiani unyoya aliouficha tangu utoto.

"Kanga yuko wapi?" Mamba alifoka. "Mmesahau kiapo?"

"Hatujasahau, mkuu," alisema Nyegere, huku akimfunga mdomo kwa kamba. "Tuliapa kumtii aliyetulea."