Chuchu ya Mbele

Nguruwe alizaa alfajiri. Kitoto cha mwisho kilikuwa chepesi kama gunzi, kikitetemeka kiganjani mwa Sekela.

"Shemeji, hicho hakifiki jioni," jirani yake Ambokile alicheka juu ya ukuta wa banda. "Mtupie mbwa."

"Mbwa nitamtupia wewe."

Sekela aliwakamata ndugu wanene wa kitoto hicho waliong'ang'ania chuchu za mbele, zenye maziwa mengi, akawafunika kwa tenga. Wakapiga kelele kama wanachinjwa. Akakiweka kile kidogo kwenye chuchu ya kwanza. Kikateleza. Akakirudisha, akakikamulia tone mdomoni. Mkia ukatikisika.

Ambokile aliinama juu ya ukuta kutazama.

Sekela akainua tenga. Wanene wakaja mbio, wakakisukuma, wakakipanda mgongoni. Hakikuachia. Kilifumba macho tu, povu la maziwa likitiririka kidevuni.