Kondoo na Arobaini Isiyokwisha

Alikuwepo Kondoo mmoja mpole. Alipofiwa na Mbwa mzee aliyelinda zizi lake, aliapa kutochukua mbwa mwingine mpaka arobaini ipite. Lakini kila arobaini ilipokaribia, alianza kuhesabu upya, kwa kuwa aliogopa kwamba akija mwingine, atamsahau wake.

"Arobaini gani hii, shoga, inayoingia mwezi wa tano?" akauliza Kanga, asiyejua kuficha neno. Siku hiyo alikuja na Kijibwa yatima. "Fisi wanazunguka huku. Mchukue huyu, umsahau yule."

"Mrudishe ulikomtoa," akasema Kondoo.

Kijibwa akamsogelea. "Bibi, huyo marehemu alikuwaje?"

Kondoo akaduwaa. Tangu msiba, wote walimwambia asahau. Hakuna aliyemuuliza hivyo. Akaanza kueleza jinsi Mbwa alivyokoroma, alivyoogopa radi, na alivyojifanya haiogopi. Kijibwa akacheka, akajiegemeza kwenye manyoya yake, akasinzia.

"Haya, nimrudishe?" akauliza Kanga.

"Shii, utamwamsha!" akanong'ona Kondoo. "Bado sijamsimulia hata nusu."