Singo ya Siku Saba

Mejumaa alimmwagia bibi harusi kata ya tatu. Singo ya unga wa manjano aliyomsugua mwilini siku saba iliondoka yote, maji yakashuka meupe, lakini ngozi ilibaki ya manjano.

"Singo yako imenikolea, shangazi," bibi harusi alicheka, akijikuna mapaja. "Wiki nzima yaniwasha."

Mejumaa alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. Hata weupe wa macho ulikuwa wa manjano, na singo haiingii machoni. Macho ya kakake, baba wa binti huyu, yalikuwa hivi hivi daktari aliposema mirija ya nyongo inaziba ndani ya ini, na dawa hakuna. Walimzika mwaka uliofuata.

Ukumbini vigelegele vilianza.

"Nimetakata, shangazi?"

"Umetakata, mwanangu," alisema Mejumaa, akafungua kidau cha wanja.