Umekasirika, Mtani?

Isikeli alikuwa amekwisha kukata kabichi tatu, na sasa alikuwa anachagua ya nne, akizibonyeza moja moja kama aliyekuja na pesa zake sokoni. Makereta, mwenye bustani, alisimama pembeni na ndoo ya maji, akimtazama.

"Umekasirika, mtani?" Isikeli akauliza.

"Hata chembe. Chukua na biringanya."

"Nyie watu wa visiwani! Kuvua samaki mnajua, lakini kulima mnawalimia wenzenu." Akacheka mpaka kitambi kikamtikisika. "Nikipata wa kulinunua lile gari langu bovu, nitakuletea mbolea. Ulime zaidi, nami nichukue zaidi."

Angefanya nini? Makereta alizaliwa visiwani, Isikeli milimani, na mababu wa pande hizo mbili walikuwa na mzimu mmoja. Hao ni watani, na Fiji nzima inajua maana yake. Mtani huingia kwako akabeba anachotaka. Ukinuna, umeshindwa. Ukidai kirudishwe, umejiaibisha wewe na kwenu kote, na watoto watakuimba barabarani.

Lakini Makereta hakuwa na mboga za kuchezea. Mwanawe, Penaia, alikuwa ameshamwekea sharti.

"Mama, uwanja wako ni mwamba mtupu," alimwambia. "Maisha yako yote umepokea simu hotelini, leo ndiyo uwe mkulima? Njoo Lautoka ukae na wajukuu."

"Sing'oki hapa Nasinu."

"Basi tupatane. Nikija Krismasi nikute umevuna cha kulisha nyumba, sitasema tena. Nikikuta mwamba, unafunga mizigo."

"Njoo na njaa," Makereta akamjibu.

Mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha. Aling'oa miche akabakiza magugu. Jembe lilitoa cheche mbele ya nyumba, likatoa cheche nyuma ya nyumba. Mwingine angefunga mizigo siku ileile. Yeye alitandika ubao juu ya mtaro ulio nyuma ya jiko lake, akavuka, akaanza kufyeka majani yaliyompita kimo. Chini yake akakuta udongo mweusi, laini, unaoshikika kama unga uliokandwa. Akaumwagia machozi ya furaha, kisha akaupanda. Maharage akayaelekeza kwenye chuma kikuukuu alichokikuta humo majanini, nayo yakapanda, yakatambaa, yakakifunika chote. Upande wa mbali akayaacha majani yasimame kama ukuta. Ya kukinga upepo, alisema.

Kabichi zilipoanza kufunga, ndipo Isikeli alipozisikia. Alikaa mtaa wa nyuma, mtu mvivu ambaye panga lake lilijua nazi tu. Kila wiki alizunguka barabara nzima na gunia lake, akaingia kwa lango la Makereta, akapita jikoni, akavuka ubao.

Penaia alipopata habari alifoka kwenye simu. "Mfungie lango!"

"Mtani hafungiwi lango."

"Atakumaliza, mama! Krismasi nitakuta mashina matupu!"

"Mwache ale. Na ashibe."

Majirani walimwonea huruma. Wengine walisema uzee umemlegeza, maana wiki Isikeli asipotokea, Makereta mwenyewe alimtumia salamu: mbona huji, umeniogopa? Na Isikeli alipofika, alimpakulia kwa mikono yake, mbele za watu, akimhesabia kwa sauti ya juu ili kila mmoja asikie mtani amekula nini. Kisha alirudi kupanda safu nyingine, mgongo ukimuuma, meno ameyauma.

Siku moja jogoo aliwika ng'ambo ya majani. Isikeli akainua shingo. "Jogoo wa nani huyo? Ana sauti kama ya wangu."

"Jogoo ni jogoo," alisema Makereta upesi. "Twende jikoni, chai inapoa."

Siku ya kuamkia Krismasi, Penaia aliteremka kwenye basi, akavuka ubao, akasimama. Kabichi zilikuwa zimejaa. Biringanya ziling'aa. Maharage yalining'inia kwa mafungu. Akavua kofia.

"Nakubali, mama. Lakini mtani wako huyu, mwakani si atabeba hata udongo?"

"Huo hawezi," alisema Makereta.

Majirani nao wakavuka kuja kutazama. Hapo ndipo panga liliposikika ng'ambo ya ukuta wa majani. Lilikata kwa pupa, kama la mtu asiyelizoea, likisogea. Majani yakayumba, yakalala chini, na kwenye uwazi akatokea Isikeli, jasho linamchuruzika, na mnunuzi wa vyuma chakavu nyuma yake. Nyuma yao, karibu kabisa, ilionekana nyumba ya Isikeli, na jogoo amesimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

Mnunuzi akayapekua maharage. Taa ya gari ikamchungulia.

"Si hili hapa, mzee?" alisema. "Ila limeota mboga."

Isikeli akalitazama gari lake. Akazitazama kabichi, safu kwa safu, tangu miguuni pake hadi kwenye mtaro, mpaka wa kiwanja chake.

Makereta akatua ndoo chini, akashika kiuno.

"Umekasirika, mtani?"