Sauti ya Pili

Niyomwungere alipuliza saksafoni yake mpaka mwisho bila kukosea hata noti moja, lakini bibi harusi alikuwa bado amesimama mlangoni mwa kanisa, pale Kasulu, hajainua mguu.

Mama wa kwaya akamsogelea. "Mzee, tunakusubiri. Piga ule wimbo wa maharusi."

"Ndio huo nimepiga."

"Huo? Mbona hatuujui?"

Akaishusha saksafoni. Mate yakamdondokea kiatuni. Miaka ishirini kwenye bendi kule Bujumbura, mpaka vita vya mwaka tisini na tatu, alikuwa akipiga sauti ya pili tu, ile ya kuusindikiza wimbo. Vidole vyake havikuwahi kuhitaji ya kwanza.

"Unisamehe, mama," alisema, akitazama upande wake wa kulia, ambako hapakuwa na mtu. "Wimbo wenyewe alikuwa nao mwenzangu. Hakuvuka mpaka."