Mgongo Uliong'aa

Tangu vitamini zote zianze kupitishwa kwenye ngozi kwa umeme, Bi Mwanasiti alimpaka mjukuu wake jeli kila asubuhi, akambandika vibati vya mashine mgongoni, akangoja taa yake ya kijani. Taa iliwaka, lakini mtoto alitimiza miezi minane bila kuweza kukaa.

Muuguzi alipokuja, aligusa mgongo wa mtoto, akanusa kidole.

"Bibi, umempaka nini?"

"Mafuta ya nazi, mwanangu. Mtoto wa watu nimwache apauke?"

"Kabla ya jeli?"

"Kila siku, tangu azaliwe."

Muuguzi alikaa kitako. "Mafuta huzuia umeme, bibi. Taa husema mashine imewaka tu, si kwamba vitamini zimeingia."

Mtoto alilia, akamnyooshea bibi yake mikono. Bi Mwanasiti aliificha yake ndani ya kanga.