Chombo cha Tatu

Kufikia Jumanne saa nne asubuhi, Nathanaël alikuwa ameshatupa vyombo viwili vya kompyuta, na programu yake haijatoa jina hata moja.

"Papa Nathanaël," akasema Firmin, katibu wa komanda wa askari walioushika mji, aliyewekwa pale ofisini amchunge, "miye naona majina iko mule mu ordinateur. Shida iko wapi?"

"Iko mu tables, Firmin, zile orodha: batu huku, nyumba kule. Programu haijue table, inajua vitu. Mutu ni kitu, nyumba ni kitu. Inaomba chombo ya kubadilisha tables kuwa vitu na kuviunganisha: huyu mutu anaikala mu hii nyumba."

Firmin akaandika yote kwenye daftari. Hakuelewa chochote, jamani, lakini aliandika kwa bidii, maana kila jioni komanda alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa.

Kazi yenyewe haikuwa siri. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa nne, na wanafunzi arobaini na watatu walikuwa wamethubutu kuandika barua ya kuwalaani askari wa komanda kwa mauaji. Badala ya majina walitia nambari zao za matricule, zile za usajili, maskini ya Mungu, wakidhani wamejificha. Ofisi ya Nathanaël ilikuwa na rejista ya wanafunzi na orodha ya nyumba zote za mji. Jumapili, watu wakitoka misa, komanda alimfuata mpaka mlangoni kwake, akampa mpaka Ijumaa.

"Nambari, jina, nyumba. Vendredi saa kumi nataka ile liste mu mukono yangu. Kama haiko, utalala mu cachot, weye na bibi yako."

Walioingia cachot ile, jela ya komanda, Bukavu nzima ilijua walivyotoka, wale waliobahatika kutoka.

Chombo cha kwanza kilikuwa cha kununua, na leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Cha pili kilitaka mashine yenye nguvu mara nne ya ile kuukuu ya ofisi. Cha tatu kilikuwa kipya, cha bure, kwenye CD iliyotoka Nairobi, na kitabu chake kilikuwa kurasa mia moja na arobaini za Kiingereza kitupu. Nathanaël akakichagua hicho, akaanza kukisoma ukurasa wa kwanza, kamusi magotini.

"Hakuna njia fupi?" Firmin akauliza.

"Ingekuwepo, ungeniona hapa natoka jasho?"

Mtaani watu waliacha kumsalimu. Maman Godelive, jirani aliyezoea kumwita mwanangu, alimwona anapita akageuza uso kabisa. Iliuma, tena iliuma sana. Nathanaël aliinamisha kichwa akapita zake.

Saa sita mkewe Laurette alimletea ofisini bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, na bado alizunguka nyumba kwa nyumba, rozari shingoni, akiomba watu wamwombee mumewe.

"Umefika wapi?" Nathanaël akamuuliza.

"Leo nyumba kumi na moja. Kesho mitaa ya juu, kesho kutwa ile ya chini."

"Utaweza?"

"Na weye utaweza?"

Firmin akacheka. "Maman, pumuzika. Hata Mungu hajue ordinateur!"

Jumatano umeme ulikatika mara tatu. Uliporudi, chombo kilitapika makosa mpaka kioo kikajaa. Alhamisi, afadhali, kikakubali kufanya kazi, lakini kikauweka mji mzima ndani ya nyumba moja ya mapadri yenye vitanda vinne. Firmin alicheka mpaka akashika mbavu. Nathanaël alilia. Alilia kweli, mtu mzima na mvi zake, paji la uso juu ya meza.

"Mungu wangu, nifikishe vendredi. Vendredi tu, siombi ingine."

Firmin akaona huruma, akaenda kumtafutia chai. Na hilo pia akaliandika.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika kumi, printa ikaanza kulia. Nambari, jina, nyumba. Nambari, jina, nyumba. Arobaini na tatu, hakuna hata moja iliyopungua. Firmin alimkumbatia utadhani wamefaulu mtihani pamoja, akachukua karatasi mbio kwa komanda. Nathanaël akabaki kitini, akakifunga kile kitabu cha Kiingereza.

Magari ya askari yalitawanyika mjini. Saa kumi na mbili komanda mwenyewe aliingia, akaweka bastola juu ya kibodi.

"Baba na mama biko, batoto hakuna. Nyumba arobaini na tatu, hakuna hata mumoja! Kuko mutu alibaambia. Ni nani?"

Aliyejibu ni Firmin.

"Chef, hapana yeye. Miye niliikala naye hapa tangu lundi, siku ya kwanza ya kazi, saa mbili ya asubuhi, hata kwa choo nilimufuata. Amehangaika kama mugonjwa. Hii liste imezaliwa leo. Mbele ya ile saa, hakuna mutu aliweza kuijua, hata yeye mwenyewe. Soma."

Komanda akalifungua daftari. Akasoma vyombo vitatu, kurasa mia moja na arobaini, umeme, nyumba ya mapadri, machozi. Akasoma kwa muda mrefu. Kisha akachukua bastola yake, akatoka, na Firmin akamfuata nyuma.

Nathanaël alisubiri mpaka mlio wa gari ukapotea, ndipo akazima mashine. Kuunganisha tables mbili, mtu wa kazi ile hahitaji chombo chochote. Anaiuliza base, ghala lenyewe la majina, moja kwa moja, mistari mitatu tu. Aliiandika Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Firmin hajafika, na saa mbili kasoro robo Laurette alishatoka na liste kwenda nyumba kwa nyumba, majina yote arobaini na matatu yamefungwa ndani ya kitenge chake.